Gambuti za Duka la Jirani

Mimi si mtu wa kutulia. Wenzangu waliohamia Sumbawanga kutoka Mbeya hujikunyata jikoni wakisubiri baridi ya asubuhi ipungue. Mimi wakati huo nimeshafika mtaa wa Majengo, nazunguka madukani. Natengeneza programu ya simu inayochambua mauzo yaliyoingizwa kwenye kompyuta ya duka na kumwambia mwenyewe aongeze bidhaa gani. Ile ya kwanza ilijaa michoro. Mzee mmoja mwenye duka la pembejeo aliitazama, akanirudishia simu.

"Mama, mimi nina wateja. Hii nitaisoma saa ngapi?"

Nilichukia, lakini alisema kweli. Nikaifumua yote, nikaifanya iseme sentensi moja tu ya Kiswahili kila asubuhi, basi. Nilihangaika nayo mpaka mume wangu akazoea kula peke yake. Mzee yule akiikubali, mtaa mzima ungefuata. Akiikataa, ningerudi kuomba kazi maofisini, na hilo sikutaka hata kulifikiria.

Siku ya kwanza ikamwambia: "Anayenunua bomba la kupulizia dawa hununua na gambuti. Leta gambuti nyingi." Aliisoma mwenyewe kwa sauti, akacheka. Nilifurahi kupita kiasi.

Nyumbani hapakukalika. Nikaenda kusimama dukani kwake nione kazi yangu. Akaja mkulima kutoka kijiji cha Pito, akachagua bomba, akauliza gambuti.

"Zipo, subiri," mzee akasema. Akatoka, akaingia duka la pili, akarudi na jozi ya viatu hivyo vya mpira mkononi. Akaiuza, akaiingiza kwenye kompyuta pamoja na mauzo yake. Jioni angempelekea jirani haki yake. Ndivyo wanavyofanya pale: mteja haambiwi hakuna.

Jirani mwenyewe ni mama mjane anayeuza maturubai na gambuti, na maturubai hayatoki. Gambuti zote ambazo programu yangu ilikuwa imeziona zilikuwa za kwake. Nilikwenda huku na huku mbele ya kaunta hadi mkulima akaondoka, ndipo nikamwambia mzee asilete gambuti, programu imekosea.

"Haijakosea. Watu wanazitaka," akasema. "Na nimeshaagiza. Zamani ningekusubiri uje unielezee. Sasa umeirahisisha, naelewa mwenyewe."

Nikambishia, nikamkumbusha jirani yake. Akanisikiliza kwa adabu, kisha akaenda kumpimia mtu mbegu.

Gari la mizigo lilipoingia, nilikuwa pale tangu asubuhi, na sijui nilitaka kufanya nini. Mafurushi ya gambuti yakaanza kushushwa. Jirani akatoka dukani kwake, akajifunga kanga vizuri kiunoni, akaja kusaidia. Pale mtaani anayefuata mzigo mbali humletea na mwenzake.

"Mzee wangu, kumbe umenikumbuka," akasema. "Zangu zilikuwa zinakaribia kwisha."

Mzee alijifuta mikono kwenye suruali. Akanionyesha kwa kidole, akasema huyu mama ndiye aliyeona kwamba gambuti zinahitajika.

Jirani akanigeukia. "Ahsante sana, dada yangu," akasema, akabeba furushi, akaelekea nalo dukani kwake.