Beseni Ambalo Sikulihesabu

Siku yangu ya kwanza katika biro, yaani ofisi, ya usafi ya Kalemie, Shefu wa Usafi hakunipa kiti wala kalamu. Alinipeleka nyumbani kwake, akafungua jiko la mke wake, akasema: "Ingia. Niambie uchafu uko wapi."

Sufuria zilikuwa zimesuguliwa kwa majivu mpaka niliona ndevu zangu ndani. Nikamwambia hakuna uchafu.

"Kwa sababu unaangalia sahani," akajibu. "Sahani inajua kudanganya. Angalia kitambaa kinachoifuta."

Kitambaa kilining'inia kwenye msumari, kibichi, kikinuka ndagala, yaani dagaa, wa juzi. Nikakisema. Mke wa Shefu hakunisalimia miezi mitatu. Ndivyo nilivyoingia kazi ya serikali: somo moja, adui mmoja.

Ninyi vijana mnadhani usafi wa jiko ni kufagia. Wakati wa Zaire, mkaguzi alitafuta vitu vyake. Ndoo mbili za maji, moja ya maji ya ziwa, nyingine ya maji yaliyochemka, yenye kifuniko. Kopo la mkono mrefu la kutekea, ambalo halilali chini. Kichanja, yaani meza ya miti ya kuanikia vyombo juani, mbuzi asikofika. Na shimo la takataka, mbali na mbabula, jiko la makaa. Mimi nilihesabu vyote mara mbili, nikiingia na nikitoka, maana watu wetu wanajua kuazimana. Asubuhi moja nilikuta ndoo ileile ya kifuniko cha bluu katika nyumba tatu. Nikawaambia: "Ndoo yenu inatembea kuliko mimi."

Kisha nikapelekwa Nyunzu, kwenye reli, chini ya Muuguzi Mkuu, mtu wa maneno machache. "Usiwaamuru akina mama," aliniambia. "Patana nao." Nikaona hiyo njo kazi yangu. Naomba kichanja na shimo, mama anakataa vyote, tunapatana kichanja leo na shimo Jumamosi, siku ya salongo, ile kazi ya lazima ya kusafisha mitaa. Mimi nilitaka kichanja tu. Shimo nililiweka ili lipunguzwe, likichimbwa, faida.

Nilirudishwa Kalemie mwaka ambao kipindupindu kilitoka kambi za wavuvi kikaingia mjini. Daktari Mkuu wa Zone ya afya akakataza karamu zote. Mama Feza, wa familia ya wavuvi wa Moba, alikuwa amebakiza siku mbili tu aoze binti yake, na wakwe walikuwa wamekwisha kupanda boti. Alilia bironi kwetu mpaka nikaenda kumwona Daktari.

"Sitwayeni Daktari," nikasema, yaani Raia, maana kuitana bwana kulikatazwa, "niachie nyumba hii. Nitaikagua mwenyewe."

"Ukikosea?"

"Nitahesabu mara mbili."

"Sikuulizi hesabu. Ukikosea?"

Nikamsogezea karatasi ya ruhusa. Akatia saini, akaandika na jina langu. "Mutu mumoja akifia nyumba hiyo, wewe njo utapeleka habari kwa mama yake."

Siku mbili nikashinda katika jiko la Mama Feza. Nikachemshisha maji, nikachomesha vitambaa vya zamani, nikahesabu vyombo.

"Papa Usafi," akasema, "unahesabu vijiko vyangu kama muntu anataka kunioa."

"Mama Feza, mahari ya mwanamuke wa vijiko makumi ine na kimoja nitatoa wapi?"

"Makumi ine na viwili."

Nikahesabu tena. Kweli. Kimoja alikuwa amekishika.

Siku ya harusi bukari, ugali wetu, ilitoka ya moto, sombe, yaani kisamvu, ya moto, samaki wa moto. Nikakaa sebuleni na wageni, nimetosheka kabisa. Ndipo likaingia beseni la kunawa mikono.

Desturi yetu mnaijua. Beseni moja, maji mamoja, linaanza kwa mzee kuliko wote na kushuka kwa umri. Kukataa ni kusema mikono ya wakubwa ni michafu. Na maji yale yalikuwa ya ziwa, kutoka ndoo ya kwanza. Jiko nililihesabu mara mbili. Beseni ni chombo cha sebuleni, sikulihesabu hata mara moja.

Babu wa bwana harusi alikuwa amekwisha kutia mikono yote miwili. Nikasimama.

"Papa, muzee ana haki ya kunawa maji yenye hayajaguswa?"

"Njo heshima yake," akajibu.

"Na mukwe? Anaweza kunawa mabaki?"

"Mukwe, hapana," akasema polepole.

"Basi hapa wote ni wakwe. Kila mumoja na maji yake."

Babu akatoa mikono, akaikung'uta. "Mbele ya kazi hii ya leta, ya serikali, uliuza nini?"

"Chumvi, Papa."

"Nilijua."

Mama Feza akaleta birika la maji yaliyochemka na kipande cha sabuni. Tukamimina juu ya mikono ya kila mtu, maji yakianguka ndani ya beseni, tukianza upya kwa Babu.

"Munaninawisha mara mbili?"

"Papa, mimi kila kitu ni mara mbili."

Siku tano, muda ambao kipindupindu hujificha mwilini, nilipita kila asubuhi kuhesabu watu wa nyumba ile, wenyeji na wakwe. Usingizi sikuuona. Siku ya tano Mama Feza akapiga kelele kabla sijafika mlangoni: "Wote wazima, Papa Usafi! Ila Babu, sombe imemuvimbisha tumbo!" Nilikaa chini uani, nikanywa maji yake makopo mawili, nikacheka peke yangu.

"Kwa hiyo hukukosea," alisema Daktari nilipompelekea habari.

"Nilikosea, Sitwayeni Daktari. Nilisahau sebule."

Alichukua karatasi yetu ya ukaguzi, akaandika chini kabisa: beseni.

Sasa ni miaka mingi tangu nilipostaafu. Juzi niliitwa harusini katika mtaa uleule wa Mama Feza. Mama mmoja akanimiminia maji ya birika mikononi, akanieleza kwa upole, kama mgeni, kwamba hivyo njo mababu zao wa Moba walivyonawa tangu zamani. Nikamwambia ni desturi nzuri. Kisha nikanyosha mikono tena, akanimiminia mara ya pili.