Boga la Mama Kindness

Nianze na aibu yangu, maana bila hiyo hamtauelewa ushindi wa Mama Kindness. Misimu miwili mimi, Teodori, nilisifiwa kijiji kizima cha Nakwa kwa mahindi mazuri, na sikuwa nimetia shambani hata ndoo moja ya samadi.

Samadi ilikuwa yake. Shamba lake liko mteremkoni, juu ya langu. Kila Oktoba aliisomba kwa mkokoteni wa punda kutoka kwa mfugaji Gidabuday, ambaye naye alipewa mabua ya kulisha ng'ombe. Aliimwaga juujuu, akapanda kwa mistari inayoshuka mlima, kama tulivyofanya sote. Mvua ikinyesha, samadi yote inashuka kwangu. Niliiona. Nikanyamaza, nikaiita baraka.

Yeye akavuna magunia manne, mwaka uliofuata matatu. Julai hiyo akaja Jovin, mdogo wa marehemu mumewe.

"Shemeji, udongo umekufa. Nakupa msimu mmoja. Ukishindwa, tunapanda mikaratusi."

Hakuwa na shamba lingine. Na bado nilinyamaza! Hata leo nikikumbuka najichukia.

Wiki hiyohiyo Mama Kindness alipita shambani kwangu akakuta boga la kijani lenye mistari myeupe. Mbegu ile alitoka nayo kwa mama yake, Mbulu, na maganda ya maboga yake, pamoja na mbegu zilizobaki, alikuwa akiyatupa kwenye lundo la samadi.

"Baba Jesse, hili nani kalipanda?"

"Limejiotea," nikamjibu.

"Limejiotea kwa samadi yangu."

Nilisubiri matusi. Akasema tu, "Kesho saa moja asubuhi uje na sururu. Usichelewe."

Sikuchelewa. Alikuwa amefunga miti mitatu kwa umbo la herufi A, akaning'iniza jiwe kwa kamba. Jiwe likitulia katikati, miguu iko usawa mmoja, tunapiga kigingi. Tukachimba mitaro ya kuukata mteremko, udongo tukautupa upande wa juu, tukapanda matete kwenye kingo. Wiki tano! Mgongo wangu ulilipa deni lote. Wapita njia walicheka: "Mama Kindness, unamchimbia nani kaburi?"

"Njaa," akajibu, bila kuinua kichwa.

Safari hii aliiacha samadi iive kwenye lundo. Akaitia konzi moja kila shimo, akafukia. Mvua kubwa ya Januari ilipiga siku mbili. Nilipopanda mteremko kuangalia, maji yalikuwa yametuama mitaroni na udongo wake wote uko palepale. Nilipiga kelele peke yangu kwa furaha.

Msimu ulipoisha Jovin alifika na miche ya mikaratusi kwenye bodaboda, wala hakuuliza habari za mavuno. Akakuta magunia kumi na matatu uwanjani, na shemeji yake ameketi juu ya moja anakunywa uji.

"Karibu, shemeji. Hesabu."

Akahesabu mara mbili. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini kabisa, kama ile miti yenye jiwe inaazimwa.

Mimi nilivuna matano, mahindi ya njano ya kutia huruma, na sijawahi kushindwa kwa raha namna ile. Jioni Mama Kindness akashuka kwangu na boga lenye mistari myeupe.

"Chukua, Baba Jesse," akasema. "Hili nimekupa mimi."