Hema Moja na Baba Mukwe

Hema lilikuwa la watu wawili, na wa pili alipaswa kuwa jirani yangu wa mtaa wa Rwambuzi. Tulikuwa tumepanga safari hiyo ya kulala kilimani tangu likizo ianze. Ijumaa akashikwa na malaria. Nilikuwa tayari kuahirisha, lakini mke wangu alimsimulia baba yake jambo hilo kwenye simu, na Jumamosi asubuhi mzee akatokea mlangoni kutoka mtaa wa Lumumba, amevaa buti za mpira, begi mgongoni. Alisema amesikia nimekosa mtu wa kufuatana naye.

Kwetu mwanaume halali chumba kimoja na baba mkwe wake. Hawali pamoja, wala hamwoni akioga. Nilimtazama mke wangu. Alikuwa ameinama, anafunga mfuko wa viazi vitamu ambao ulikwisha kufungwa.

Tulitembea kwa muda wa karibu saa nne kwa njia ya miguu, mzee mbele. Alikuwa direkta, yaani mwalimu mkuu, wa shule ya msingi kabla ya kustaafu, na bado alitembea mbio. Mimi nilibeba hema, turubai, sufuria na bidoni ya maji. Tulikokwenda ni kiwanja cha parokia juu ya kilima, chenye mikaratusi na kijito chini yake. Mlinzi, ambaye nilikuwa nimemwomba ruhusa mapema, alituonyesha mahali pasipo na siafu, kisha akarudi nyumbani kwake. Kutoka pale tuliona mabati ya mji wa Bunia, lakini kelele za pikipiki hazikutufikia.

Mzee alishuka kijitoni kuoga. Nilipohitaji maji ya kupikia niliteremka nikikohoa njia nzima, naye akakohoa kunijibu, nikarudi juu kungoja. Chakula kilipoiva nilimwandalia mbele ya hema, nikaenda na sahani yangu nyuma ya mti. Akaongea kwa sauti ili nimsikie. Alinisimulia jinsi mke wangu, alipokuwa darasa la pili, alivyokataa kumwita baba shuleni, akawa anamwita direkta hata nyumbani. Nilicheka na mdomo umejaa maharagi.

Giza lilipoingia nilimwambia hema ni lake, mimi nitalala chini ya turubai. Alinishukuru. Nilikuwa sijapata usingizi mvua ilipoanza, na muda si muda maji yalikuwa yanapita chini ya mgongo wangu.

"Weye iko macho?" aliuliza kutoka ndani.

"Ndiyo, baba."

"Ingia."

Nilimwambia niko sawa.

"Ukigonjwa, mutoto wangu ataniuliza miye. Ingia, weka kichwa kule kwenye miguu yangu."

Niliingia. Tulilala kichwa huku, miguu kule, kila mmoja amejibana ukingoni, katikati tumeacha nafasi ambayo ingemtosha mtu wa tatu. Mvua ilipopungua alianza kusema, polepole, bila mimi kumuuliza. Alisema tangu mama mkwe afariki, Jumamosi ndiyo siku ndefu kuliko zote. Siku nyingine watu wanapita kumsalimia. Jumamosi kila mtu ana kazi za nyumbani kwake. Nilimwambia pole, baba, naye akasema asante, kisha nikasikia anakoroma.

Asubuhi alikuwa ameamka kabla yangu. Kuni zote zilikuwa zimelowa, kwa hiyo alikwenda kwa mke wa mlinzi kuomba makaa ya moto, akachemsha chai. Alinimiminia kikombe, akakiweka juu ya jiwe, akageuka kutazama mji mpaka nilipomaliza.

Wakati wa kuteremka goti lilimsumbua, akaniachia begi lake nilibebe. Tulipofika Rwambuzi alikunywa maji akiwa amesimama, akakataa kungoja chakula, akapanda pikipiki ili awahi ibada ya jioni. Mke wangu aliniuliza nimelala wapi. Nikamwambia, pamoja na alichosema mzee juu ya Jumamosi. Alichukua simu, akamuuliza baba yake kama Jumamosi ijayo atakuja kula kwetu.