Honi Yenye Mafua

Kila dereva ana kitu kimoja kwenye gari lake kinachomtia aibu. Kuna wa rangi iliyochubuka, kuna wa mlango unaofungwa kwa kamba. Shemeji yangu aliionea aibu honi.

Gari lenyewe si lake. Ni la kampuni inayotunza nyaya za umeme milimani: gari refu la kazi, linavuta kwa magurudumu yote manne, ngazi juu ya paa, matope mpaka kwenye vioo. Anaruhusiwa kulala nalo nyumbani kwa sababu nguzo ikianguka anaitwa saa yoyote. Tangu amuoe dada yangu amekuwa akipanda nalo barabara ambazo mimi nisingezipanda hata kwa miguu, na hajawahi kumgonga mtu wala mbuzi. Wenzake wanamwita Taratibu. Mimi namwita shemeji, na nikiwa na hasira namwita dereva.

Honi yake, na wala sitii chumvi, ilikuwa na mafua. Ilifungwa chini kwa mbele, pale maji ya madimbwi yanaporukia, na kila msimu wa mvua uliichukulia sauti kidogo. Ukiibonyeza inakwaruza kwanza, inakohoa, ndipo inalia. Nami mdomo wangu hauna breki, nilikuwa simwachii.

"Shemeji, hiyo kampuni yenu imeshindwa hata kukununulia filimbi?"

"Hii inaomba njia kwa adabu, shemeji. Ingekuwa na mdomo kama wako wangeniua barabarani."

Tulikuwa tukicheka hivyo, na dada akicheka nasi, kabla ugonjwa haujaanza kutunyang'anya vitu.

Dada alikuwa karani wa ghala la vifaa vya ujenzi. Ungemwamsha usingizini angekuambia kila msumari uko rafu gani. Mtu kama huyo alipoanza kutafuta funguo akiwa amezishika, tulimtania. Alipoweka pasi ya moto ndani ya kabati la nguo, hatukutania tena. Daktari alisema ni ugonjwa wa kusahau, na kwamba tutaweza kuupunguza kasi kidogo lakini kuurudisha nyuma hapana. Nikafunga cherehani yangu, nikahamia kwao, nikaanza kushonea barazani ili dada asibaki peke yake mchana. Hawakujaliwa mtoto, kwa hiyo tulikuwa sisi watatu tu.

Nilijikaza. Siku nyingine aliniita kwa jina la marehemu mama yetu, siku nyingine aliniuliza nguo yake itakuwa tayari lini, kama mteja. Nilimjibu keshokutwa, kama ninavyowajibu wateja wote.

Lakini jioni, gari lilipofika kwenye kona ya mchoma vyuma, mwanzoni mwa mtaa wetu, shemeji alikuwa anabonyeza mara mbili. Basi hata dada awe amepotea wapi huko aliko, anainua kichwa. "Huyo amekuja." Anakifunga vizuri kitambaa cha kichwa, anavaa ndara, anakwenda mwenyewe kufungua geti. Na akishamfungulia, anamjua. Anamshika mkono, anamwuliza njia ilikuwaje, anamsema kwa matope ya viatu. Alimjua hivyo kwa muda wa saa moja au mbili, mpaka usingizi umchukue. Shemeji aliendesha kutwa nzima kwa ajili ya hizo saa. Hakusema hivyo, lakini mimi nina macho.

Halafu likatokea lile la lori. Shemeji na mafundi wa nyaya walikuwa wanapanda mlima, vumbi halionyeshi kitu, lori la magogo linashuka katikati ya barabara. Shemeji akabonyeza honi kwa nguvu zake zote, ikakohoa. Dereva wa lori hakusikia lolote. Shemeji alilitupa gari kwenye mtaro, na mafundi aliowabeba wakatoka na michubuko na roho mkononi. Mkuu wa kazi akaamuru wiki ileile: magari yote ya milimani yabadilishwe honi.

Shemeji alifurahi, nisimwonee. Miaka alikuwa akiomba. Alikwenda kwa Fundi Waya, jitu la mikono mikubwa linaloshika waya mwembamba kama mtu anayemsuka mtoto nywele, na aliporudi alinisimulia kazi nzima mpaka nikachoka. Honi ni mbili, moja ya sauti nene, nyingine nyembamba, zinalia pamoja. Waya wa zamani haungezibeba, ungeungua, kwa hiyo fundi amevuta waya mnene kutoka kwenye betri, ameweka fyuzi yake na rilei yake, kiswichi cha kuupitisha umeme mkubwa. Zimefungwa juu, nyuma ya chuma cha mbele, midomo imeelekea chini ili maji yasikae ndani.

"Sasa hata mlima utanipisha," alisema.

Hayo alinisimulia baadaye usiku, akijilazimisha kuchangamka. Lakini nimeruka jambo, maana silipendi. Alipofika kona ya mchoma vyuma jioni ile alizibonyeza mara mbili kama kawaida. Kuku wa jirani waliruka ukuta. Mimi mwenyewe nilijichoma sindano. Dada alishika masikio akasema, "Malori siku hizi yanapita mpaka huku?"

Akaendelea kukunja kitambaa alichokuwa anakunja.

Shemeji alisubiri nje. Akapiga tena, kidogo. Nikaenda kufungua mimi. Alikuwa bado anatabasamu, amekaa kwenye usukani kama mtu aliyeleta zawadi, na aliponiona mimi tabasamu likamwishia palepale. Aliingia, akamsalimia mkewe. Dada akamwitikia vizuri, kwa heshima, halafu akaniinamia sikioni: "Mgeni wako akae wapi?"

Tulisema ni uchovu. Kesho yake ikawa vilevile, na keshokutwa. Shemeji alianza kulala sebuleni kwenye kochi, kwa sababu dada alipomwona mwanaume chumbani alipiga kelele, na nani angemlaumu? Nilimpigia daktari nikafoka, kana kwamba yeye ndiye aliyefunga zile honi. Akanijibu kwa upole kwamba hatua hii ingekuja tu, kwa honi au bila honi. Inawezekana. Yeye amesoma, mimi nashona. Lakini nilimjua dada yangu, na ninajua siku ambayo mlango ulifungwa.

"Naitaka ile ya zamani," shemeji alimwambia Fundi Waya. Hizi mpya zibaki kwa ajili ya milima, na ile ya zamani ifungwe pembeni na swichi yake ndogo, kwa ajili ya nyumbani. Fundi hakuuliza mengi. Aliitafuta kwenye pipa la vyuma chakavu akaipata. Na kwa kuwa ni fundi, na kwa kuwa aliona mteja wake ana huzuni, akaamua kumfanyia hisani. Aliifungua, akaosha matope, akasugua kutu yote, akakaza skrubu ya nyuma inayopanga sauti. Shemeji alipobonyeza, ikalia safi, nyororo, bila kikohozi.

"Unasikia?" Fundi Waya alisema. "Kama imetoka dukani leo."

Shemeji alimshukuru. Alinieleza baadaye kwamba alifika mpaka kona, akasimamisha gari, akalia peke yake. Nilikuwa sijawahi kumsikia mwanaume akilisema jambo hilo wazi hivyo.

Siku yake ya mapumziko aliegesha gari nje ya geti, akalala chini yake na bisibisi. Dada alikuwa barazani nami, nimempa kopo la vifungo avitenganishe kwa rangi. Nje tukasikia honi. Kimya. Skrubu inalegezwa kidogo. Honi tena. Nyembamba mno. Tena. Sasa nene, inanguruma. Jirani akachungulia juu ya ukuta.

"Jirani, kuna harusi nasi hatujui?"

"Kuna ufundi!" nilimkemea. "Kwenu hakuna kazi?"

Nikatoka kumwangalia. Uso umejaa grisi, jasho linamwingia machoni.

"Shemeji, pumzika. Utajuaje kwamba umeifikia?"

"Nitaijua. Nimekaa nayo miaka, nitakosa kuijua?" Akafikiri kidogo. "Niletee matope."

Nikamchotea udongo kwenye kikombe, nikaukoroga na maji. Mimi, niliyeicheka ile honi miaka yote, nilipiga magoti barabarani nikishika kikombe wakati yeye anaipaka matope kwa kidole mdomoni, kama mtu anayemlisha mgonjwa uji. Kisha nikarudi barazani kabla dada hajaanza kunitafuta.

Ikakwaruza. Ikakohoa. Ikalia, mara mbili.

Vifungo vikamwagika sakafuni. Dada alikuwa amesimama. "Huyo amekuja," alisema. Alijifunga kitambaa. Alizitafuta ndara kwa miguu, akazivaa. Alitembea uani haraka kama msichana, nami nyuma yake naziba mdomo kwa mkono, akafungua geti lote kwa pande zote mbili.

Shemeji alikuwa amesimama kando ya gari, bisibisi bado mkononi.

Dada alimpita. Alikwenda mpaka mlango wa dereva, akachungulia ndani, akakiangalia kiti, akazunguka upande wa pili akachungulia tena. Ndipo akamgeukia.

"Kaka, gari hili ni la mume wangu. Yeye umemwacha wapi?"

Nilitaka kupiga kelele. Nilitaka kumshika mabega nimwambie, huyu hapa, kipofu wewe, huyu hapa ametambaa chini ya gari tangu asubuhi. Shemeji akaniona, akatikisa kichwa kidogo tu. Alijifuta uso kwa mkono wa shati.

"Yuko kazini, mama. Amenituma nilete gari."

"Hajambo lakini?"

"Hajambo kabisa."

"Amekula?"

Nikajibu mimi: bado.

"Nilijua," dada alisema. "Yule hali mpaka arudi nyumbani. Ngoja, utampelekea."

Akaingia jikoni. Chakula nilikuwa nimepika mimi, lakini alikipakua yeye, kingi, akakisawazisha na kijiko, akafunika bakuli kwa kitambaa safi. Akamkabidhi kwa mikono miwili na kumwambia aende polepole, barabara ni mbaya.

Tangu siku hiyo ni hivyo. Shemeji akitoka milimani anabonyeza ile ndogo pale kona, dada anakimbilia geti akiwa na uso ambao kutwa nzima sikuuona, anamkosa mumewe, anampa dereva chakula. Nilimwambia shemeji aache, amwonee huruma na ajionee huruma yeye mwenyewe. Tuligombana kweli, mimi na sauti yangu, yeye na upole wake unaoudhi.

"Ule uso anaokuja nao getini ni wangu, shemeji," alisema. "Nisipopiga honi nitauona wapi?"

Kesho yake nilipika mapema, chakula kiwe tayari honi ikilia.

Kwa hiyo anapokea bakuli, analitoa gari mpaka nyuma ya ukuta wa mchoma vyuma, anazima injini, anakula humo ndani peke yake. Anaosha bakuli kwa maji ya dumu anayoyabeba kwa ajili ya rejeta. Kisha analiacha gari hapohapo, anarudi kwa miguu, anabisha hodi nyumbani kwake, na dada anamfungulia.

"Umempa?"

"Nimempa, mama. Ameshukuru sana."

"Amekimaliza?"

"Chote," anasema shemeji, na anamrudishia bakuli.