Tulipogombana, Kasongo Alikuwa Majini

Siku ile hainitoki akilini, mwanangu. Hata sasa nikiisimulia, mwili unanisisimka. Ilikuwa enzi za Zaire, hapa hapa Kalemie. Kila asubuhi wanafunzi walijipanga mbele ya bendera, ngoma ikapigwa, wakaimba na kucheza. Kifungua mimba wangu, Kasongo, hakuwa akizungumza. Siku hizi hali hiyo wanaiita usonji. Sisi hatukuwa na jina, tulikuwa na majirani wa kutucheka tu. Ngoma ikilia, aliziba masikio na kupiga mayowe.

Direktere wa shule akaniita bironi, ofisini kwake, nami nikaingia na Kasongo.

"Mama Kasongo, mutoto anaharibu salamu ya bendera. Umubakishe nyumbani."

"Nyumbani afanye nini? Atasimama mu mustari kama wenzake!"

Nilikuwa mkali, usinione hivi. Naye alikuwa na sauti ya kutosha. Tukapandishiana sauti, kila mmoja akisema mtoto, mtoto, na hakuna aliyeona kwamba mtoto mwenyewe ameshatoka.

Mara mlango ukasukumwa. Akaingia mama mzazi wa direktere, bibi aliyekuwa akianika ndakala, dagaa wetu wa huku, ufukweni karibu na shule, amembeba Kasongo. Wote wawili walichuruzika maji. Akamkalisha kwenye kiti cha direktere.

"Nimemutoa mu ziwa, maji imemufika kwa shingo. Sasa muniambie, mulikuwa munagombania mutoto gani?"

Nikakaa sakafuni, miguuni pa Kasongo. Direktere akavua koti lake, akamfunika Kasongo, akamgeukia mama yake.

"Mama, ni ngoma njo inamukimbiza. Nilijua. Niliogopa watu wa chama watasema ninazarau bendera."

Alijua! Nikashtuka upya, kwa kuwa mimi pia nilijua. Nilitaka tu majirani wamwone kwenye mstari.

"Basi asubuhi akae na mimi," bibi akasema. "Ngoma ikinyamaza, nitamuleta mu klasi."

Direktere akakubali. "Watu wa chama wakiuliza, nitajibu mimi."

Nami nikaacha kung'ang'ania ule mstari. Tangu hapo Kasongo alikaa na bibi mahali ambapo mawimbi yaliimeza ngoma, akipanga ndakala moja moja, kisha akashikwa mkono hadi darasani. Ilichukua muda, lakini kuandika jina lake alijifunza.

Sasa nasikia nawe umegombana na shule ya mjukuu wangu. Mwanangu, kesho usiende shuleni kutafuta ushindi. Kabla ya kufungua mdomo, mshike mtoto mkono. Mwulize mwalimu mtoto anakimbia nini, nawe useme unachokijua, hata kama kinakuaibisha. Mwalimu naye ana hofu yake. Mpe nafasi aiseme.

Mungu akulainishie ulimi, awape walimu wake moyo, na kila jioni mtoto wako arudi nyumbani na nguo kavu.