Sanduku Lililofungua Sabato kwa Panya

Bathsheba hakuwahi kununua kitu bila kukitukana kwanza. Pale mjini Suna aliunda masanduku yanayotangaza bidhaa, ili wachuuzi wasiumize koo. Ndani mna kibao cha saketi kinachojua saa, spika, na kadi ya memori yenye sauti.

Siku moja akaja Mzee Angwenyi, mzee wa kanisa la Wasabato kutoka Ndhiwa. Alitaka sanduku la kupiga wimbo wa kufungua Sabato, Ijumaa jua likizama. Likifaulu, makanisa yote ya upande ule yangeagiza. Bathsheba akameza mate.

"Kuna chipu ya kuchomelewa humo humo kwenye kibao," alisema, "lakini hiyo hubeba wimbo mmoja tu."

Mzee kusikia bei ya chipu, akakohoa.

"Basi chukua kadi, mzee. Unaitoa, unabadilisha. Kadi ni kama jikoni, kila siku mboga mpya."

Wakakubaliana. Kadi mpya ya nini? Bathsheba alichukua ile iliyorudishwa na muuza dawa ya panya. Tangazo lake hakulifuta, maana nafasi ilikuwa tele, na kizuri hakitupwi. Akatia wimbo, akauita namba moja ili upigwe kwanza. Kumbe kibao kile hakijali majina; hupiga kwanza kilichotiwa kwanza. Kujaribu hakujaribu. Betri si maji.

Ijumaa, waumini wamefumba macho, jua likazama.

"Panya! Kunguni! Mende! Wanalala chali!"

Sabato hairuhusu ugomvi wa biashara, kwa hiyo Mzee alibeba hasira yake mpaka Jumapili.

"Bathsheba, umeniaibisha! Beverlyne wa kwaya amecheka mpaka akatoka nje. Wengine wananiuliza hiyo dawa inauzwa wapi!"

"Pole, mzee," alisema, uso mkavu. "Lakini umejionea. Kadi ni mlango wazi. Leo panya, kesho kijana anaweka ohangla, ngoma ya dansi."

"Si wewe uliniambia nichukue kadi?"

"Na wewe si ulikohoa?"

Mzee akaligeuzageuza sanduku.

"Hiyo chipu, mtu hawezi kuitoa?"

"Wimbo mmoja, mzee, mpaka Yesu arudi."

"Tengeneza. Ikinyamaza kuhusu panya, na makanisa yale mengine yatakuja."

Safari hii Bathsheba alijaribu mara tatu, betri ziishe zikitaka. Ijumaa iliyofuata Ndhiwa iliimba, na Jumapili wazee wengine walikuwa mlangoni, hakuna aliyekohoa.

Kadi ya zamani Bathsheba aliipuliza vumbi, akaiweka rafuni bila kufuta kitu. Sasa ilikuwa na bidhaa mbili, panya na Sabato.