Breki Ililia, Akaniita Mtu wa Nyumbani

Habari ilinikuta Biashara Street, ndani ya duka la leso, nimeshika pembe moja na mke wangu ameshika nyingine, tukiitazama rangi yake kwenye mwanga wa mlangoni. Mwenye duka alisoma simu yake, akavuta pumzi, akasema, "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," kisha akamtaja mtu ambaye sote watatu tulimjua. Alikuwa amefariki asubuhi hiyo na angezikwa baada ya Alasiri. Mke wangu aliikunja leso taratibu kwa mkono wa kushoto, kama afanyavyo siku hizi, akaniambia, "Twende nyumbani ukavae kanzu." Wasomaji wangu wa siku nyingi mwanijua kuwa machozi hayanipi tabu; niliwahi kuujaza ukurasa huu kwa kumlilia paka wa jirani. Siku hiyo hayakuja. Kilichonijia ni hasira, nikaona haya kuwa na hasira na maiti, na bado nikaenda nayo mazikoni.

Simtaji jina, kwa kuwa watu wake bado wako matangani. Alikuwa msimamizi wa kaunta ya matengenezo katika duka moja la pikipiki hapa kisiwani, yule anayeipokea pikipiki mbovu na kuamua iende kwa fundi gani na kwa gharama ya nani. Tulijuana kwenye baraza ya kahawa huku Mji wa Kale, na sifa yake kubwa pale ilikuwa masikio. Pikipiki ikipita nyuma ya nyumba, hata hatujaiona, yeye ataweka kikombe chini na kusema, "Hiyo mnyororo umelegea," au "Huyo oili imemwishia, na hajui." Siku moja tulimbishia, tukamsimamisha kijana wa bodaboda na kuikagua pikipiki yake mbele ya watu, na mnyororo ulikuwa umelegea vile vile alivyosema. Tulicheka mpaka kahawa ikapoa. Na si mchezo tu. Mama yangu alipofariki, yeye ndiye aliyekuja na viti kabla hatujajua tutavipata wapi, na hakuondoka mpaka hitima ilipokwisha. Kwa hivyo nilipotaka pikipiki ya safari, ile kubwa yenye masanduku ubavuni na kiti kipana cha nyuma, sikumuuliza mtu mwingine. Alinichagulia yeye, akanikabidhi ufunguo yeye.

Kile kiti cha nyuma kilikuwa cha mke wangu. Yeye ni mchora piko, yale maua meusi ya mikononi, na sisemi kwa kuwa ni mke wangu, maharusi wengi wa mji huu wameingia ukumbini na maua ya mkono wake. Tulianza kuzunguka pamoja pwani yote, mimi nikitafuta ya kuandika, yeye na mkoba wake wa hina. Watu walitucheka, wazee wazima juu ya pikipiki, nasi tulifurahi kuchekwa. Kisha breki ya nyuma ikaanza kulia. Haikuwa kelele ya kutisha, ilikuwa mlio mwembamba mrefu kila nikikaribia kona, na katika vichochoro vyetu, kuta zikiwa karibu hivyo, mlio hauna pa kwenda. Jirani yangu aliniuliza kama nimefunga kuku kwenye gurudumu. Pikipiki ilikuwa bado mpya na dhamana ya kampuni ilikuwa hai, nami nikaipeleka dukani bila wasiwasi wowote.

Sikuifikia kaunta. Rafiki yangu alinitokea njiani na kuniwekea mkono begani. "Wenda wapi huko? Huko kwa wateja. Wewe si mteja, nduu yangu, wewe mtu wa nyumbani." Akanipitisha lango la nyuma, akaniambia niiendeshe uani nifunge breki, naye akasimama amefumba macho akisikiliza. Nakumbuka sana yale macho yaliyofumbwa. Alipoyafumbua alisema, "Ah, hiyo kawaida. Breki mpya hulia. Itanyamaa." Akazitoa pedi za breki, akazipitisha kwenye msasa, akapaka grisi kidogo kwa nyuma, akazirudisha. Mlio ukakatika. Tukanywa kahawa, nikarudi nyumbani nikimsifu njia nzima. Baada ya muda ukarudi, nami nikarudi kwake, na ikawa ndiyo ada yetu: lango la nyuma, msasa, grisi, kahawa, kimya cha siku chache. Safari moja nilimuuliza kama si vyema malalamiko yangu yakaandikwa, maana dhamana ina mwisho wake. Alinitazama kama niliyemtukana. "Dhamana gani tena, na mimi nipo? Dhamana yako ni mimi." Msomaji wa mbali atashangaa nilivyotosheka na neno hilo. Msomaji wa hapa hatashangaa. Mtu aliyewahi kukubebea viti vya matanga humwambii akuandikie karatasi. Ni kumvunjia heshima, na ukimvunjia yeye umejivunjia na wewe.

Tulianguka kwenye mteremko wa kuingilia feri ya Likoni. Niliigusa breki ya nyuma kidogo tu, kama mtu yeyote anavyofanya pale, na gurudumu likakwama, halikuachia. Pikipiki iliteleza nasi kwa ubavu, mimi nikatoka na mchubuko wa goti, na mke wangu akajizuia kwa mkono wa kulia. Kifundo cha mkono kilivunjika. Mfupa umeunga, wanasema, na kwa kupikia na kufulia unatosha. Kwa piko hautoshi. Kijiti cha kuchorea kinamtetemeka anapofika kwenye vidole, mahali ambapo ua linatakiwa liwe jembamba kuliko uzi, na harusi ya kwanza aliyojaribu baada ya hapo alikiweka kijiti chini, akamwomba bibi harusi radhi, akamwita mwenzake amalizie. Hajakishika tena. Marehemu alikuja hospitali kututazama, na mfuko wa machungwa. Alikaa kwenye kiti, akazungumza nami habari za barabara mbovu, na muda wote ule hakuugeukia ule mkono. Nilidhani ni huruma.

Ukweli niliupata mbele ya Ngome ya Yesu, na aliyenipa hakujua kuwa ananipa kitu. Wapanda pikipiki za safari hukutana pale Jumapili asubuhi kabla ya kutoka, na mmoja wao, bwana wa bara anayefanya kazi bandarini, alikuwa na pikipiki kama yangu, hata rangi ni ile ile. Nikamuuliza kama yake hulia nyuma.

"Ilikuwa inalia, mzee," akasema. "Hizi za mwaka wetu zote zinalia. Pistoni ya breki hairudi vizuri, inakwama. Wewe hawakukubadilishia?"

"Wewe walikubadilishia?"

"Breki yote ya nyuma, mpya, na sikulipa kitu. Nilikataa kuondoka pale kaunta mpaka wakaandika. Yule msimamizi alinuna kweli kweli. Lakini utafanya nini? Mimi sina mtu pale."

Sina mtu pale. Nilirudi nyumbani na maneno hayo, na siku ya pili nikaingia duka lile kwa mlango wa mbele, kwa mara ya kwanza tangu ninunue. Bibi aliyekuwa kwenye kaunta alikuwa na adabu zote. Aliangalia kompyuta yake, akaangalia tena, akaniambia kwa upole kwamba pikipiki yangu haijawahi kuletwa pale kwa tatizo lolote, na kwamba dhamana imeshapita. Kwa kampuni, mimi nilikuwa mtu mwenye pikipiki nzima isiyo na neno, aliyeridhika tangu siku ya kwanza. Rafiki yangu nilimkuta uani, kwenye lango letu la nyuma. Hakukana. Hilo namhesabia. Nilimuuliza kama alijua ule mlio ni wa nini siku ile ya kwanza, akasema alijua. Nilimuuliza kwa nini, akasema, "Wakubwa hawakutaka madai mengi. Kila breki niliyoiandika nilikuwa naulizwa mimi. Wageni hawangoji, nduu yangu, mgeni atakufanyia kelele mbele ya watu. Wewe nalijua utaningoja."

Nimelizungusha jibu hilo kichwani kuliko jambo lolote nililoambiwa katika umri wangu huu. Hakunidanganya kwa kuwa hakunijali. Alinidanganya kwa kuwa alinijua. Alihesabu haya yangu, heshima yangu, viti vya mama yangu, akaona kuwa hapo ndipo pa kupunguzia mzigo wake. Na sidhani kuwa ni yeye peke yake. Mji wetu umejaa malango ya nyuma, na sote tunajivunia kupitishwa hapo. Kwa fundi wa dhahabu, kwa daktari, katika ofisi za serikali, tukiambiwa "wewe ni wetu" tunavimba vichwa, na foleni tunawaachia wenzetu wasio na mtu. Kumbe yule aliye kwenye foleni ana kitu ambacho sisi hatuna: akikosewa, kuna mahali pa kusimama na kusema amekosewa. Sisi tukikosewa tunaambiwa tunywe kahawa. Kazi zamani, watasema wengine, zilikwenda kwa uaminifu bila karatasi, na ni kweli, lakini zamani fundi alikuwa na duka lake mwenyewe, na akisema "niachie mimi" ni yeye kweli. Huyu rafiki yangu alikuwa na bosi juu yake, na neno lake lilikuwa limeshapangishwa kwa mwingine. Alipaswa kuniambia. Angenong'ona tu, "Usipite kwangu, nenda mbele ukapige kelele," ningempenda mpaka kaburini.

Baada ya siku ile tulisalimiana kwenye mlango wa msikiti tu, "Uhali gani", "Alhamdulillahi", basi. Baraza nilihamia nyingine, ambayo kahawa yake si nzuri.

Msikitini Bondeni, baada ya kumsalia, kaka yake alisimama mbele ya jeneza. Mnajua anachosema mtu pale. "Jamani, ndugu yetu aliishi na nyinyi. Yeyote aliyekosewa naye kwa ulimi au kwa mkono, namuomba amuwie radhi. Mmemuwia radhi?" Na msikiti mzima ukaitika, "Tumemuwia." Nilifungua kinywa. Wallahi nilikifungua. Sauti haikutoka, na jeneza likainuliwa, nikalipa bega langu kama wenzangu mpaka makaburini, nikatia udongo, nikarudi na kanzu yenye vumbi, neno lile sijalisema.

Mke wangu alikuwa ametangulia kurudi kutoka kwa wanawake wa matangani. Aliniuliza kabla sijavua viatu. "Umemuwia radhi?"

"Wewe je?"

"Mimi zamani. Siku ile alipoleta machungwa, akashindwa kunitazama mkono, nilijua kuna jambo, nikamuwia hapo hapo, hata kabla sijalijua." Akaishika ile mikono yake miwili, mmoja ndani ya mwingine. "Mkono ni wangu, na nimekwisha nao. Usinifanye mimi ndiyo sababu. Una lako moyoni, kaa ulitafute ni lipi."

Nimelitafuta. Si breki, breki ni chuma. Wala si ule mkono, maana mwenyewe amenipokonya. Ni lile jina aliloniita. Ningeweza kumsamehe mtu aliyenificha jambo kwa kuiogopa kazi yake; nani hana watoto wa kulisha? Lakini alichukua "nduu yangu", akapaka juu ya mlio ule kama alivyopaka grisi, mlio ambao ndio pekee ulioniambia kweli muda wote, na mimi nikaufurahia ukimya. Ndiyo maana siku hizi, wasomaji wangu, nikiambiwa na mtu wa kaunta yoyote nipite nyuma, nashukuru na kusimama kwenye foleni. Wengine huudhika. Nawaambia mimi ni mteja, waniandike kama wenzangu, kahawa tutakunywa baadaye. Nawasihi nanyi mfanye hivyo, hasa kwa wale mnaowapenda, ili mapenzi yasipewe kazi ambayo si yake.

Na marehemu namuombea. Kila baada ya sala namtaja, namuombea dua kamili bila kupunguza neno, lakini nduu yangu simwiti. Namuombea kama ninavyomuombea mgeni. Kwake yeye, wageni ndio waliopata haki yao.